Isale kwa Mkono wa Kushoto

Mama alinipigia simu Jumanne mchana. Nilikuwa nyumbani kwangu Shirimatunda, nimeanika mahema uani baada ya safari ya mlimani, nagombana na zipu moja iliyogoma kufunga. Akaniambia nipande Uru nikamwone baba. Nikauliza kama anaumwa. Akasema hapana, anakula vizuri, na siku hizi analala kweli, hata mchana.

"Amekuwa mpole," akasema.

Alisema kwa furaha, kama mtu anayetoa habari za mvua baada ya kiangazi kirefu. Mimi nikaiacha ile zipu. Baba yangu alikuwa amepita miaka sabini, na muda wote niliomfahamu alikuwa mchapakazi, mkweli hadi anakera, na msomaji wa masomo kanisani kwa sauti ya kunyamazisha watoto. Mpole hakuwahi kuwa. Ningeambiwa amekuwa kiziwi ningeshtuka kidogo kuliko hapo.

Kazi yangu ni kuongoza watalii mlimani Kilimanjaro. Miaka tisa kabla ya simu ile nilimchukua mdogo wangu kwa safari yake ya kwanza, abebe mizigo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kitinda mimba wetu, yule ambaye kwa desturi yetu ndiye angebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, ile migomba na kahawa inayoizunguka nyumba. Baba alimkataza asiende. Mimi nikamjibu mbele ya watu kwamba anakwenda na kaka yake, kuna ubaya gani.

Kambi ya kwanza nilimuuliza mambo vipi, akasema poa. Kambi ya pili poa. Ya tatu poa, na akanitupia tabasamu. Nilikuwa na wageni sita wa kuangalia, na wapagazi siku zile tuliwapima kwa salamu tu. Mchana wa siku ya nne nilimkuta amekaa kwenye jiwe, ameinama, anafunga kamba za viatu. Vidole vilifanya kazi vizuri kabisa, vilizungusha, vilivuta, vilikaza. Alikuwa amevaa gambuti la kuazima, buti la mpira. Gambuti halina kamba. Nikamuuliza mambo, akainua uso akasema poa, na macho yake yalikuwa yanatazama mahali ambapo mimi sikuwepo. Tulimshusha kwa machela. Alikufa kabla hatujafika getini.

Kule juu hewa ikiwa haba ubongo huvimba, na ndani ya fuvu hakuna nafasi ya kuvimba. Hayo niliyajua tayari, nilifundishwa. Nisichofundishwa ni kwamba ubongo hauzimiki wote kwa pamoja. Unaondoka sehemu sehemu, na ile ya salamu ni miongoni mwa za mwisho kutoka. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshaondoka, na bado ndani mtu anaitikia karibu. Tangu siku ile sikuamini tena poa ya mtu yeyote. Mgeni au mpagazi, namwambia anyooshe mikono yote miwili afumbe macho, niangalie kama mmoja unashuka. Namtembeza kwenye mstari, kisigino kwa kidole. Namuuliza leo ni siku gani na asubuhi alikunywa nini. Wenzangu walikuwa wananicheka, wakaniita daktari. Sikujali.

Baba hakunipiga wala hakunifukuza. Baada ya mazishi aliacha tu kusema nami. Nikienda nyumbani nilimwambia shikamoo, naye alijibu marahaba, kwa sababu yeye si mtu wa kuacha shikamoo ya mtu hewani. Basi. Miaka tisa, neno moja. Mama alikuwa anatuletea chakula vyumba viwili tofauti.

Mtu wa nje angeuliza kwa nini sikupeleka isale. Isale ni lile jani refu la kijani lililopandwa mipakani mwa vihamba vyote. Kwetu aliyekosa hulikata, hulifunga fundo, humpelekea aliyemkosea, na kwa mila halikataliwi. Hata mwenye kisasi cha damu hulipokea na maneno yanaisha. Sikulipeleka kwa sababu niliamini baba yangu ndiye mtu pekee Uru nzima anayeweza kulikataa.

Jumatano nikapanda. Nilimkuta amekaa barazani juani, mikono mapajani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikawa napita zangu kwenda jikoni kwa mama kama kawaida.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Nilisimama pale kama niliyepigwa na kitu. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Mama akaleta mtori wa ndizi, akatuwekea bakuli mbili kwenye meza moja, naye akakaa kututazama kama harusi. Baba akaniuliza kuhusu kazi. Akauliza kama wageni wa siku hizi ni wengi. Nikamweleza. Akacheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha, kisha akauliza tena kama wageni wa siku hizi ni wengi.

Nikamweleza tena.

Alipoinuka kwenda chooni, ndala ya mguu wa kulia ilibaki barazani. Alitembea hadi migombani na kurudi, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, na hakuwa na habari. Nikamuuliza mama kwa sauti ya chini kama baba ameanguka karibuni. Akasema hapana. Kisha akakumbuka kwamba zaidi ya mwezi mmoja nyuma alijigonga kichwa kwenye boriti ya banda la ng'ombe. Akapata nundu, akaikanda kwa maji baridi, kesho yake akaenda kukata majani kama kawaida.

Angekuwa mgeni wangu mlimani ningemshusha dakika ileile, alie, atukane, adai hela yake. Lakini mtu hampimi baba yake. Kumuuliza mzee leo ni siku gani ni sawa na kumwambia usoni kwamba amechanganyikiwa. Kumwambia anyooshe mikono na kufumba macho barazani kwake, mbele ya mke wake, sijui nani wa kwetu angethubutu. Nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa heshima. Ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimesubiri miaka tisa niulizwe kama nimekula.

Nikalala kwetu usiku ule, na uliofuata. Nikaahirisha kushuka mjini. Baba alizidi kuwa mtamu. Alinisimulia alivyochimba mifereji ujanani, alivyomtongoza mama sokoni, mambo ambayo hakuna mtoto wake aliyewahi kuyasikia. Katikati ya maneno alikuwa anasinzia, kidevu kifuani, kisha anaamka na kuendelea na hadithi nyingine. Nilimtazama akisinzia nikawa na hofu, kisha akaamka akanitabasamia nikawa na furaha, na hofu nikaiweka kando kama mtu anayeahirisha kulipa.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilikwenda mpakani nikakata isale. Nikalifunga fundo. Jani la kwanza likachanika fundoni, nikakata jingine. Nikapiga magoti mbele yake barazani nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu, kwamba nilimchukua kwa kiburi, na sikumwangalia.

Macho yalimjaa machozi. Akanyoosha mkono akalipokea.

"Yameisha, mwanangu," akasema. "Hukukosa kitu."

Alilipokea kwa mkono wa kushoto.

Niwaambie maana yake, kwa wasioujua mlima wetu na watu wake. Baba yangu aliwahi kumrudisha mgeni hadi getini kwa sababu alipokea kikombe kwa kushoto. Mimi na mdogo wangu tulikula viboko kwa kosa hilo hilo kabla hatujajua kusoma. Kupokea isale kwa kushoto ni tusi lisilosahaulika, na baba hakuwa ananitukana, alikuwa analia. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, vidole vimekunjika kidogo. Ulikuwa haujanyanyuka kwa sababu haukuweza kunyanyuka.

Niliona. Sitaki mtu aniambie labda hukuona, ulikuwa na simanzi. Kazi yangu ni kuona. Mguu wa kulia, mkono wa kulia, usingizi, maswali yanayorudiwa, pigo la kichwa mwezi uliopita. Yalijipanga mstari mbele yangu, na nilijua kwamba kuna kitu ndani ya fuvu kinaubana ubongo wake upande wa kushoto, kidogo kidogo. Nilijua pia kwamba nikimpeleka hospitali kikatolewa, huenda mtu huyu anayenililia angetolewa pamoja nacho.

Nikainuka, nikaushika ule mkono wa kulia nikaupapasa. Ulikuwa wa baridi. Nikamshukuru baba yangu, nikaenda jikoni kumwambia mama yameisha. Mama akapiga kigelegele peke yake pale kwenye mafiga. Alilichukua isale akalichomeka kwenye fremu ya picha ya marehemu, ukutani sebuleni.

Jumatatu sikusema. Jumanne sikusema. Jumatano baba alijimwagia chai kwenye shati na hakuona, nikamfuta, nikamtania kwamba amerudi utotoni, akacheka hadi akakohoa. Nilikuwa najiambia kesho. Nawaza sasa ni mara ngapi nimewagombeza wageni mlimani kwa neno hilo. Kesho nitakuwa sawa, wananiambia, na mimi nawaambia kule juu kesho inaua.

Alhamisi mchana nilikuwa namvisha viatu. Aliniwekea mkono kichwani, ule wa kushoto, akaniita kwa jina la mdogo wangu.

Nilifikiri ameteleza ulimi. Akaniita tena, kwa jina lilelile, polepole, kwa upendo mwingi.

"Usimfuate kaka yako mlimani," akaniambia. "Yule ana kiburi. Baki na mimi."

Nilimaliza kufunga kamba za viatu vyake, za kweli hizi. Sikujua ameanza lini kuniona hivyo. Labda siku ile tu. Labda tangu Jumatano ya kwanza, tangu aliponiuliza kama nimekula. Nikawaza siku ya isale, hukukosa kitu, mwanangu, na ni mwana yupi aliyeambiwa hivyo. Nikatoka nje kutafuta gari, na jirani mwenye gari alikuwa ameenda Bomang'ombe kuuza maziwa, atarudi jioni, na jioni nikaambiwa lina tatizo la betri, na mimi nikakubali kirahisi kusubiri asubuhi. Nilikubali kirahisi mno.

Asubuhi baba hakuamka. Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, ananyoosha shuka lisilohitaji kunyooshwa. Nikasema, shikamoo baba.

"Marahaba," akajibu, macho yamefumba.

Mama akashusha pumzi. Unaona, akasema, yupo, amechoka tu. Nikamfinya baba begani kwa nguvu, hakukunja hata uso. Nikamwita, hakuna. Nikamwinua ukope, mboni moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Nikasema tena shikamoo, nikiwa sitaki kabisa kusikia, na neno likatoka lilelile, safi, sauti ileile ya miaka tisa: marahaba. Nimeshusha maiti mlimani kwa mikono hii. Hakuna kilichowahi kunitisha kama neno lile.

Tulimshusha mjini kwenye gari la maziwa, kichwa chake mapajani mwangu. Hospitali walimpitisha kwenye mashine ya kupiga picha kichwa. Daktari alikuwa dada wa makamo, mwenye haraka lakini si mkali. Akatuonyesha damu iliyokaa kati ya fuvu na ubongo, nyingi, ya zamani, imeusukuma ubongo wote upande mmoja. Kwa wazee hutokea hivyo, akasema, pigo dogo, damu inavuja taratibu kwa wiki nyingi. Ubongo unabanwa, mtu anaanza kubadilika. Wengine wanakuwa wakali, wengine wanakuwa watoto. Sehemu ya mbele ndiyo inayomzuia mtu asiseme kila kitu na asilie ovyo, ikibanwa breki zinalegea. Mwishoni linabanwa hata lile shina la chini linalomfanya mtu awe macho. Nikamuuliza kuhusu salamu. Akasema maneno tuliyoyasema maisha yetu yote yanaweza kutoka hata mwenyewe akiwa hana fahamu nayo, hayahitaji mtu.

Hayahitaji mtu. Nililiwaza neno hilo hadi kichwa kikauma.

Kisha akauliza dalili za udhaifu wa mkono zilianza lini. Mama akasema hakuona udhaifu wowote. Daktari akanigeukia.

"Jana," nikasema.

Walimtoboa fuvu matundu mawili wakaitoa damu. Ilikuwa nyeusi kama oili chafu, daktari alituambia. Siku ya tatu baba alifumbua macho. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akajua mimi ni nani, bila shaka yoyote akajua, na uso ukajifunga mbele ya macho yangu kama duka.

Nikasema shikamoo.

"Marahaba," akasema, akageukia ukutani.

Sasa alikuwepo. Nilitoka koridoni nikalia kwa kwikwi, na muuguzi mmoja akanifariji, akasema nimshukuru Mungu mzee amerudi. Nilimshukuru. Namshukuru hadi leo, na sioni haya kusema kwamba siku ile ilinichoma.

Alirudi nyumbani, akapata nguvu, akaanza kumgombeza mama kuhusu majani ya ng'ombe. Jumamosi moja aliniita sebuleni. Kwa sauti yake, kwa jina langu. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya mdogo wangu, na mkononi ana isale, limekauka, fundo bado liko.

Mama alikuwa ameshamweleza, nadhani kwa kutaka kusaidia. Alimwambia ulilipokea mwenyewe, ukasema yameisha. Baba hakukumbuka. Wiki zile zote hakukumbuka hata siku moja, alisema ni kama ukurasa uliochanwa, boriti ya banda kisha kitanda cha hospitali.

"Wanasema nililipokea," akaniambia. "Nililipokea kwa mkono gani?"

Mama alikuwa mlangoni. Alinitazama kwa macho ya kuniomba. Neno moja tu lingetosha, na hakuna mwingine aliyekuwepo siku ile barazani. Kulia. Yangeisha kweli, maana mila ni mila, na yeye asingeivunja.

"Wa kushoto," nikasema.

Alikuwa anahesabu, niliona anavyohesabu, alikuwa mwerevu siku zote.

"Na wewe uliona."

"Niliona, baba."

"Nikakaa siku ngapi tena?"

"Tano."

Hakupaza sauti. Alilizungusha lile jani vidoleni, likatoa mlio mdogo wa kukauka, kisha akaninyooshea. Kwa mkono wa kulia, umenyooka, hautetemeki.

"Aliyelipokea hili simjui," akasema. "Chukua."

Nikalichukua. Liko kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la mlimani, limeshakuwa vipande. Nikiwa kambini nawapima watu, nyoosha mikono, fumba macho, leo siku gani, ninaligusa. Kliniki walituambia damu ile huweza kurudi. Walisema tuangalie usingizi, miguu, na mabadiliko yoyote ya tabia. Mama aliitikia kwa kichwa kama anayesikia mahubiri. Mimi naangalia kikombe. Kila nikiwa pale, mama akimpa chai, naangalia anapokea kwa mkono gani, na kila akipokea kwa kulia na kunyamaza bila kunitazama, napumua.

Leo mchana mama amepiga simu. Nilikuwa uani, mahema yameanikwa. Sauti yake ilikuwa na furaha ileile. Amesema baba ameamka akacheka, akaniulizia, amesema ana neno anataka kuniambia, nisichelewe.

"Amekuulizia vizuri kabisa, mwanangu," mama akasema. "Kwa upole."

Njia ya kupanda kwetu imepakana na masale pande zote mbili, ningeweza kukata moja bila hata kusimama. Nimetafuta gari kwanza. Nimemwambia dereva asizime injini tukifika, tutageuza hapohapo.